Mwanafunzi wa udaktari huikwepa wodi ya akili kwa kufundishwa

Watu wakigombana Dar es Salaam, mmoja humwambia mwenzake apelekwe Mirembe, na Nairobi jina linalotajwa ni Mathari. Hospitali hizo mbili, ile ya Dodoma iliyoanza miaka ya 1920 na ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910, huwa tusi masikioni mwa mtoto muda mrefu kabla hajajua kwamba ni mahali pa tiba. Kwa hiyo walimu wengi wa udaktari hueleza uhaba wa mabingwa wa magonjwa ya akili kwa sababu moja tu, kwamba dharau hiyo wanafunzi huja nayo kutoka nyumbani na chuo hakina la kufanya. Uhaba wenyewe ni mkubwa: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba Afrika ina daktari mmoja wa akili kwa kila watu 500,000.

Hoja yao ina uzito. Aliyelelewa akisikia kwamba mgonjwa karogwa au ana mashetani haachi imani hiyo kwa mihula michache, na mwenye deni la mkopo wa masomo hutazama palipo na ajira, wala si haki kumlaumu.

Hata hivyo, haielezi kwa nini aliyeingia mwaka wa kwanza akitamani kuijua akili ya binadamu humaliza masomo hamu hiyo ikiwa imekufa. Nimewahi kusimama kwenye raundi ya wodi ya upasuaji, mbele ya mzee aliyepasuliwa siku mbili nyuma, akizungumza na dari na kuvuta mpira wa mkojo. Bingwa hakuuliza habari ya homa wala vipimo vya damu. Alisema, "Huyu waachieni watu wa vichaa," wanafunzi wakacheka, tukahamia kitanda cha pili. Kesho yake ikabainika kuwa mzee ana maambukizi ya mkojo yaliyomvuruga akili, hali inayoweza kuua. Somo lile la nusu dakika halimo katika mtaala wowote, lakini hakuna aliyelisahau.

Linalonisumbua zaidi ni aina ya wagonjwa tunaowaonyesha wanafunzi. Mwaka 1984 watafiti Patricia Cohen na Jacob Cohen walieleza jinsi tabibu anavyopotoshwa na wagonjwa anaowakuta, kwa kuwa anayeugua muda mrefu ndiye anayeonekana mara nyingi zaidi. Chukua mfano wa wagonjwa kumi wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, waliolazwa katika mwaka mmoja, tisa wakapata nafuu na kuondoka baada ya wiki nne kila mmoja, na wa kumi akabaki mwaka mzima. Wale tisa kwa pamoja wamelala wiki 36, yule mmoja peke yake wiki 52. Mwanafunzi akiingia wodini siku yoyote atamkuta yeye, ilhali wale tisa huenda asimkute hata mmoja, naye ataondoka akiamini kwa dhati kwamba skizofrenia haina nafuu. Kwenye wodi ya watoto, mwanafunzi huyohuyo humwona mwenye malaria akiletwa hajitambui na baada ya siku chache akiomba uji. Tusishangae akichagua watoto.

Nikipendekeza nusu ya muda wa mafunzo ihamie kliniki ya marudio, ambako waliopata nafuu huja kuchukua dawa, wenzangu hujibu kwamba kliniki imejaa na wagonjwa hawapendi kutazamwa na kundi la vijana, na hilo la pili ni kweli, lazima waombwe ridhaa kwanza. Kuna fundi cherehani aliyelazwa mara moja tu, miaka kadhaa iliyopita, ambaye hufika kliniki yetu kila mwezi kuchukua dawa, na saa tatu asubuhi huwa ameshaondoka kuwahi wateja wake. Nilimuuliza kama angekubali kuzungumza na wanafunzi, akakubali. Saa hizo wanafunzi huwa kwenye raundi wodini, na mpaka leo hawajakutana naye.