Kelele za Shinkansen: wanaolalamika wana hoja

Ikitajwa Shinkansen, treni za kasi za Japani, lazima atokee mtu aseme wachina wanapiga kilomita 350 kwa saa, wajapani wamekwama 320 sababu ya watu wachache wa kando ya reli wasiotaka kelele. Kuna ukweli humo ntaufikia, ila wengi wanaosema hivyo hawajajiuliza kelele yenyewe inatoka wapi.

SGR yetu na 160 yake kinachosikika zaidi ni magurudumu na reli. Ukikaribia 300 upepo ndo unatawala, unagonga kichwa cha treni, unazunguka kwenye uwazi kati ya mabehewa, na hasa ule mkono wa juu ya paa unaochukua umeme. Sasa nguvu ya kelele ya upepo inapanda kama spidi kwa kipeo cha sita. Toa 300 weka 360: spidi imeongezeka asilimia 20 tu, nguvu ya kelele karibu mara 3! Sawa, sikio halisikii mara tatu, ni desibeli kama 5, lakini hizo 5 mhandisi inabidi azitoe mahali. Na abiria kapata nini? Dakika 3 na sekunde 20 kwa kila kilomita 100, basi. Alafu usiniambie jenga ukuta, ukuta unaziba magurudumu, ule mkono uko juu ya paa na sauti inaruka ukuta inaingia ghorofani kwa watu.

Wakazi wa jiji la Nagoya, ambako Shinkansen inapita, walienda mahakamani 1974, miaka 10 tangu treni ianze, wakaja kumalizana kwa makubaliano 1986. Katikati hapo, 1975, serikali ikaweka kikomo: desibeli 70 kwenye makazi, 75 kwenye biashara na viwanda. Bila namba hizo sidhani kama mhandisi wa JR West (kampuni ya reli ya magharibi mwa Japani), Eiji Nakatsu, angehangaika na ndege. Shinkansen ya aina ya 500 iliyoingia kazini 1997 ikapewa pua ndefu kama mdomo wa mdiria, kupunguza ule mlio kama bomu treni ikiingia handaki, na mkono wake wa umeme ukaiga manyoya ya bundi, bundi huyu huyu tunayemfukuza kwa uchuro. Ikafika 300.

Ila gharama ipo jamani. Pua hiyo ilikula viti, na behewa la mbele likakosa mlango mmoja wa abiria. Na kati ya Ueno, stesheni ya Tokyo, na Omiya kaskazini yake, treni yenye uwezo wa 320 ilikuwa inatambaa 110 miaka na miaka sababu ya kelele, mpaka 2021 wakaruhusu 130 kwenye sehemu ya njia. Hapo naona walizidisha, teknolojia ya sasa sio ya miaka ya 80 na kila abiria wa kaskazini anapoteza muda hapo. Wapandishe kidogo kidogo wakipima, ila kikomo cha 70 kisiguswe, maana abiria anashuka Tokyo anaenda zake, mwenye nyumba kesho alfajiri inampitia tena.