Beringi Tu, au Injini Ishushwe?

Injini ikianza kugonga kwa chini, mafundi hugawanyika. Mmoja atasema fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), weka beringi mpya, vile vikombe vyembamba vya chuma, za konrodi (mikono ya pistoni) na za krenki (shafti inayozungushwa na mikono hiyo), funga. Mwingine atasema huko ni kuficha maradhi: ishushwe, ifanyiwe ovahauli, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, yaishe. Huyu wa pili ndiye anayesikika mwangalifu, na wa kwanza huonekana anaganga njaa. Naona tumemwonea.

Beringi imetengenezwa ili iliwe. Mgongo wake ni chuma kigumu, lakini uso ni laini kwa makusudi, uchafu uzame humo na krenki isalimike. Wenye malori makubwa ya dizeli wanalijua hili. Wengi hubadilisha beringi injini ikiwa palepale ilipo, hata kabla haijagonga. Wenye BMW M3 ya V8 nao hivyohivyo, kwa kuwa beringi za konrodi za injini ile zinajulikana kwa kulika mapema. Hakuna anayewaambia wanaziba viraka.

Kinachowatisha watu ni kushuka kwa presha ya oili, na hapa kuna hesabu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwenye gari dogo, nafasi kati ya beringi na shingo ya krenki, pale inapozungukia, huwa kama milimita 0.03 hadi 0.06, unywele mmoja hupita hapo kwa shida. Oili inayovuja kwenye upenyo huo haiongezeki sawasawa na upana wake, huongezeka kwa kipeo cha tatu. Nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji ni mara nane. Mara nane, na pampu ni ileile! Ndiyo maana taa ya oili huwaka injini ikiwa ya moto, kwenye silensa (ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), na mwenye gari akaamini kila kitu kimekufa. Kumbe kilicholika huenda ni sehemu ya milimita isiyoonekana kwa macho, kwenye kipande kilichowekwa hapo kilike.

Sasa, hesabu hiyohiyo ndiyo silaha nzito ya upande wa pili. Oili haiulizi nafasi imeletwa na nani. Shingo ya krenki ikiwa imepoteza uduara, beringi mpya ya saizi ya kawaida haisaidii. Krenki itolewe, ichongwe, iwekewe beringi nene zaidi, za milimita 0.25 au 0.50. Beringi, ambayo hupaswa kutulia, ikishazunguka ndani ya konrodi, makazi yake yameharibika na vumbi la chuma limeshasambaa kwenye njia za oili. Hapo sibishi, shusha. Na injini inayokula oili huku kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imeshuka inalilia ringi za pistoni na silinda.

Ila ovahauli nayo si dawa isiyo na madhara. Silinda zikikwanguliwa na block isioshwe vizuri, unga ule wa kusagia unaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. (Nati za konrodi kukazwa kwa kukadiria ni balaa la pande zote mbili.)

Kwa hiyo pima kompresheni, teremsha sampu, fungua kofia zinazoshika beringi moja moja bila kuchanganya namba zake, pitisha maikromita kwenye shingo. Tafuta pia kilichozimaliza beringi: oili iliyopungua, chujio la pampu lililoziba. Krenki ikikutwa mbovu, umepoteza saa chache tu. Injini ingeshushwa vilevile.