Minervali ya Goma, kapu moja na kasino

Jumamosi nilikuwa jikoni hapa Des Moines, Amerika, sombe iko motoni, simu ikalia: taarifa ya kadi ya mwezi imefika. Kwa kawaida siisomi, nalipa tu. Safari hii nikaisoma, na sombe ikaungua.

Mwezi uliopita nilimtumia shangazi wa Goma, kule Kongo, dola 200 za minervali, yaani karo ya shule. Programu ya kutuma iliniandikia wazi: gharama dola 2. Nikaona ni haki. Konti yangu ilikuwa kavu, mshahara bado siku nne, basi nikaweka kadi ya mkopo. Sasa kwenye taarifa, chini ya zile 202, kuna mstari mwingine: dola 10 na senti 10. Chini zaidi, riba, karibu dola 4.

Nikapigia benki. Binti mwenye sauti tamu akanieleza kwamba sikununua kitu, nilichukua keshi. Keshi gani, dada? Sijagusa hata noti moja! Akasema kwao kutuma pesa kwa kadi ya mkopo ni sawasawa na kusimama mbele ya mashine na kutoa noti. Wanakata 5 kwa 100, na hiyo 5 isipofika dola 10, wanachukua 10 hivyo hivyo. Na riba yake, kwangu ni 29 kwa 100 kwa mwaka, haina subira. Ukinunua viatu, unapewa siku zako mpaka tarehe ya kulipa. Ukituma pesa nyumbani, inahesabu kuanzia siku ileile.

Nikachimba. Kumbe kila anayepokea kadi amepewa namba ya aina ya kazi yake, na watuma pesa namba yao ni 4829. Benki ikiiona tu, imeshakuhukumu. Nikafungua karatasi ya masharti, yale maandishi ya kusoma na miwani. Humo wametaja vitu vinavyotiwa kwenye kapu moja la keshi: kutuma pesa, tikiti za bahati nasibu, na vile vidude vya kuchezea kamari kasino. Yaani minervali ya mtoto wa darasa la tano kule Katindo, mtaa wa Goma, imelala kitanda kimoja na mlevi wa Las Vegas.

Ndipo nikamkumbuka mwenye kabini, yule wa kibanda cha kutolea pesa za simu. Tangu benki zifunge milango Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mnajua wenyewe keshi ya Goma iko mikononi mwa nani. Nimemtukana sana mwenye kabini mimi, hata hapa hapa. Lakini huyo anakuangalia machoni na kusema: "Mama, kwa hii ninakata dola tatu." Shangazi anapiga makelele, anataja ukoo wake wote, anakumbusha nani alimlea nani, na mwisho inabaki mbili. Ni wizi? Pengine. Ila ni wizi wenye uso, unaoujua kabla feza haijatoka. Wa huku unakuja baada ya wiki tatu, una sauti tamu, na hakuna wa kupigia makelele.

Ninawasikia tayari. "Huyu naye, miaka sita Amerika, analia juu ya dola 14, na sisi huku tunalala tunasikiliza nje." Ndugu yangu, silii kwa kuwa nimewapita. Hizo 14 zilikuwa za kwenu! Zingefika Birere, hapo Goma, zingekuwa unga na makala ya kupikia. Mwingine atasema: "Si uache kutumia deni?" Haya, njoo wewe umwambie shangazi kwamba mwalimu amefukuza mtoto na mimi nangoja Ijumaa. Mtu wa Amerika hakosi dola 50, si ndivyo mnavyosema? Basi ndivyo tunavyoingia.

Ninavyofanya sasa ni hivi, na sijidai fundi. Kadi ya mkopo haigusi tena programu ya kutuma. Inanunua chakula na mafuta ya gari, vitu ambavyo benki inaviita manunuzi, na ile pesa ya konti iliyobaki ndiyo inakwenda Goma kwa kadi ya kawaida ya benki. Kama kilichobaki ni bili ya mtu asiyepokea kadi, kuna huduma za malipo kwenye intaneti: wao wanaitoza kadi yako, halafu wanamtumia yeye hundi au wanamwekea benki. Baadhi wanatoza kama 2.9 kwa 100. Kwa dola 200 ni dola 5 na senti 80, na mara nyingi inaandikwa manunuzi, kwa hiyo riba inangoja, mradi ulipe yote kwa tarehe. Uliza benki yako kwanza, maana ziko zinazohesabu hata hiyo kuwa keshi. Yangu nimeiomba ishushe kiwango changu cha kutoa keshi kwa mkopo hadi sifuri. Sasa nikijisahau, kadi itakataa. Afadhali aibu kuliko riba.

Na msikimbilie kubeba noti dukani. Tangu mwanzo wa 2026 serikali ya Marekani inakata 1 kwa 100 ukituma nje kwa pesa ya mkononi. Ukilipa kutoka konti au kadi ya hapa, kodi hiyo haikugusi. Nchi ya ajabu hii: kwetu mtu bila noti mkononi hana feza, huku mwenye noti ndiye anayetiliwa mashaka.

Nilikuwa nimemaliza kumsifu mwenye kabini wakati sauti ya shangazi ilipoingia kwenye WhatsApp. "Mwanangu, ile feza ya jana nimeipata, aksanti sana. Ila yule mutu wa kabini amenipa noti moja ya makumi mbili iko na katundu kadogo, kadogo kabisa, na dukani wameikataa. Nikirudi kwake anasema si yake. Sasa, weye uko kwenye dola zinatengenezwa: nikikutumia picha, hawawezi kukubadilishia?"