Nyuzi 104

Najua mmeshasikia. Rafiki yangu kaisambaza habari ya mimi na kompyuta yake kila grupu tulilomo, na kwa masimulizi yake nilitoka mbio nikipiga kelele za moto. Uongo mtupu. Nilitembea haraka.

Kompyuta yake ya mezani ilikuwa inakoroma, nikajitolea. (Nani alinipa ufundi? Nilijipa mwenyewe.) Nikapuliza vumbi, nikafuta pesti kuukuu (ule uji mzito wa kupitishia joto kwenda kwenye chuma cha feni) iliyokaukia juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikaweka tone jipya kama punje ya mbaazi, nikarudisha feni. Mikono inafanya kazi, mdomo unatoa mhadhara: prosesa isiyo na kazi ikae nyuzi 30 hadi 50, ikibanwa na kazi 60 hadi 80 si neno, ikigusa 95 au 100 nyingi hujipunguzia kasi zenyewe, na hali ikizidi kompyuta hujizima. Yote hayo ni kweli. Yashikeni, maana kuanzia hapa sina jingine la maana.

Nikawasha. Nikachomeka flashi yangu, nikafungua programu yangu ya kupima joto.

104.

Hakuna kazi yoyote inayofanyika. Prosesa imekaa bure, na imeyapita maji yanayochemka! Nikafumba macho, nikafumbua. 105. Nikasogeza kiti nyuma. Rafiki akauliza, "Ndiyo kawaida hiyo?" Sauti iliyonitoka siitambui hadi leo: "Tokeni nje." Nikachomoa waya ukutani.

Nikafuta pesti, nikaweka nyingine. 104. Nikafuta, nikaongeza maradufu, ikafurika pembeni kama dawa ya meno. 106.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo panaponiuma. Niligusa chuma cha feni kwa ncha ya kidole. Vuguvugu. Mwenye akili angejiuliza: kitu cha nyuzi 104 kimebanwa chini yake, hiki kinakuwaje vuguvugu? Mimi niliwageukia wenye nyumba, waliokuwa wamejipanga mlangoni, nikatangaza, "Mmeona? Joto limenasa ndani. Prosesa imekufa, tafuteni nyingine."

Kimya cha msiba.

Mdogo wake rafiki yangu akanyoosha shingo. "Kaka, hiyo F pembeni ya namba ni ya nini?"

Nikaitazama ile F. Ile F ikanitazama. Ilikuwepo muda wote, ndogo, imetulia, haina haraka na mtu. Nikafungua mdomo niseme "feni". Nashukuru haukutoa sauti.

Yule mtoto akaanza kupiga hesabu kwa sauti, taratibu, kama anayesoma hukumu: 104 toa 32, inabaki 72. Zidisha kwa 5, 360. Gawanya kwa 9.

"Arobaini, kaka. Si ulisema 30 hadi 50?"

Farenhaiti. Programu yangu mwenyewe, kwenye flashi yangu mwenyewe, ilikuwa inasoma kwa Farenhaiti. Na prosesa ya nyuzi 104 za kweli ingekuwa imeshajipunguzia kasi au kompyuta imezimika, kama nilivyofundisha dakika 20 kabla.

Nikabadili ikasoma Selsiasi, nikafuta pesti iliyofurika, nikaijaribu kwa kazi nzito ikaishia 74, nikaaga. Rafiki kanihifadhi kwenye simu kwa jina la Fundi F. Msiniulize zaidi.

Ila kompyuta haikoromi tena. Hilo hakulisambaza.