Anayetaka kuijua Mombasa atazame maji

Mgeni wa Mombasa hupelekwa Ngome ya Yesu kwanza. Sawa, ngome ni ya Wareno, walianza kuijenga mwaka 1593, na picha hutoka nzuri. Ila ukuta hauwezi kukueleza mji huu umekaaje. Maji ndiyo yanayoeleza.

Kisiwa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Ule wa kaskazini, wa Tudor, mdomo wake ni mwembamba. Hapo ndipo majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalipotia nanga, chini ya Mji wa Kale: yakija na kaskazi, yakirudi na kusi. Ngome iliwekwa mdomoni hapo ilinde njia hiyo. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa.

Meli za chuma zilipokuja zilitaka kina na nafasi ya kugeuka, na vyote viwili viko Kilindini, upande wa pili. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa 1896, ilianzia huko. Bandari ya zamani ikaachiwa majahazi.

Kisha likaja tuta la Makupa. Kuunganisha kisiwa na bara kwa kujaza udongo kulirahisisha safari, lakini kulikata mzunguko wa maji magharibi ya kisiwa, na mkondo ukizibwa, tope na taka havina pa kwenda. Daraja lililofunguliwa hapo 2022 badala ya tuta, wengi hulisifia magari. Kwangu mimi, faida kubwa ni kwamba maji yanapita tena chini yake.

Likoni nako, kwenye kivuko cha feri kusini mwa kisiwa, ni maji yanayoamua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Feri inakaa chini, na gari linakutana na pembe kali pale mlango wa feri unapogusa sakafu ya gati. Malori yaliyosheheni hushindwa kupanda, magari mafupi hukwaruza bampa, foleni ikarefuka. Siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, shida hiyo hupungua. Mwenye gari la chini asubiri maji yajae kidogo, au azungukie barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Ni mbali, lakini bampa itasalimika.