Hizo pointi 21 waziache jamani

Kila mwaka ikifika wiki ya All England, mashindano ya badminton pale Birmingham, Uingereza, mwezi wa tatu, mi huwa sipatikani, simu naiweka pembeni nakaa kwenye skrini toka raundi ya kwanza mpaka fainali. Haya mashindano yalianza 1899, yakakaa London miaka na miaka hadi yalipohamia Birmingham 1994, na ukiacha Olimpiki na ubingwa wa dunia sidhani kama kuna taji wacheza badminton wanalililia kama hili.

Sasa shirikisho la dunia, BWF, wakaja na wazo la gemu kuishia pointi 15 badala ya 21, zikiwa bado ni gemu tatu anayeshinda mbili kapita, na 2025 wakaanza kuujaribu mfumo huo. Mi hapana. Nimejaribu kuwaelewa nimeshindwa.

Hebu chukua fainali ya wanawake ya All England 2025, An Se-young wa Korea Kusini na Wang Zhiyi wa China. Gemu ya kwanza An kapigwa 21-13, yaani kapigwa kweli kweli, halafu akarudi akachukua mbili zilizobaki 21-18, 21-18, dakika 95 jumla! Ule mchezo wake wa kurudisha kila kinyoya (ndo mpira wa badminton) mpaka mwenzake achoke unahitaji muda, mtu haanzi kuchoka kwenye pointi ya sita bana. Ukikata gemu iishie 15 unampendelea anayeanza kwa kasi na smashi za nguvu, yule wa kujenga mchezo polepole akishtuka tu gemu imeisha.

Au 2021, Lee Zii Jia wa Malaysia na Viktor Axelsen wa Denmark, gemu ya kwanza imeenda 30-29, sheria inasema mkifika 29 wote basi pointi moja inamaliza kazi, ya pili Axelsen akashinda 22-20, na baada ya yote hayo ya tatu ikawa 21-9 kwa Lee. Ile 21-9 ukiiona peke yake utasema mechi rahisi, kumbe imepikwa kwenye zile gemu mbili za kwanza, miguu ililipa deni la nyuma.

Na kuna vitu vidogo mi navipenda sana ambavyo vinakuja mechi ikishakuwa ndefu tu. Rali, yaani kule kupigiana kinyoya mpaka kidondoke, imeisha, mchezaji kainama mikono magotini, anaokota kinyoya, ananyoosha manyoya yake kwa vidole moja moja (yako 16), anakigeuza, anamnyooshea refa aombe kingine. Kinyoya wala hakijaharibika hivyo, anatafuta sekunde mbili tatu za kuvuta pumzi, na refa anajua, anamwambia endelea kucheza. Hapo mapafu yanaongea.

Kuna wanaosema mbona zamani ilikuwa 15. Ni kweli, Rudy Hartono wa Indonesia alibeba mataji yake 8 ya All England kwenye 15, saba mfululizo kuanzia 1968 hadi 1974, lakini zama zile pointi unapata ukiwa wewe ndo unaanzisha, mwenzako akianzisha ukishinda rali unapewa tu zamu ya kuanzisha, hakuna pointi. Gemu ya 15 ingeweza kwenda na kurudi weee. Tangu 2006 kila rali ni pointi, kwa hiyo 15 ya leo na 15 ya Hartono hazifanani kabisa.

Wengine wanasema gemu fupi zitapunguza wachezaji kuumia. Kwamba wanaumia nakubali asilimia mia, inaniuma kuona magoti yamefungwa bandeji kila wiki, ila tatizo hapo ni ratiba. Wa juu wanalazimishwa kusafiri kutoka shindano hadi shindano mwaka mzima, ndege, hoteli, uwanja, ndege tena. Punguzeni mashindano basi, watu wapumzike, gemu iacheni.

Kwenye gemu ya tatu mmoja akifika 11 wanapumzika dakika moja na kubadilishana upande, mi hapo ndo nasogea karibu na skrini. Naangalia nani anatembea na nani anaburuta miguu, makocha wanaongea haraka haraka, mtu anajifuta jasho uso mzima, na bado kuna pointi kumi za kuzipigania. Hizo kumi ndo zinaniweka macho.