Kabla ya Kuilaumu Zabibu, Pima Joto

Mtu akifungua chupa ya mvinyo mwekundu wa miaka 15 hapa Mombasa, ule wa kuchanganya zabibu kadhaa kwa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, akaukuta una ladha ya tende zilizochemshwa, lawama huiangukia zabibu: "Merlot imezidi", "Cabernet ni kali mno". Mimi huishuku kwanza njia iliyopitiwa na hiyo chupa. Ukikaa wiki kadhaa kwenye rafu isiyo na kiyoyozi, au ndani ya buti ya gari kwenye foleni ya feri ya Likoni adhuhuri, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Tazama mdomo wa chupa: kizibo kikiwa kimepanda, au pana alama ya mchirizi, usiinunue hata kwa nusu bei. Harufu ya boksi lililolowa ni jambo jingine kabisa. Huo ni ugonjwa wa kizibo, na hauna dawa.

Ule usemi wa kuunywa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Nyali wakati wa kaskazi kina nyuzi 30, na hapo kileo ndicho kinachotangulia puani, tunda halisikiki. Lenga nyuzi 16 hadi 18, kwa kuupitisha kwenye friji kwanza. Ukipitiliza hadi nyuzi 8, ukakasi unakuwa mkali na harufu inajificha. Shika glasi kwa viganja, itarudi. Mimina mililita 60 tu kila mara, maana kwa joto letu glasi iliyojaa huharibika kabla hujaifikisha nusu.

Chupa isimame wima tangu jana yake ili mashapo yatulie. Kizibo cha zamani humeguka, kwa hiyo zungusha kizibuo hadi karibu chini kabisa, kisha vuta polepole. Mimina kwenye jagi bila kukatiza, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kutoka chini. Mashapo yakifika shingoni, acha. Wengine huuacha jagini saa mbili ili "upumue". Mvinyo mchanga utafaidika, huu mzee unaweza kufifia ndani ya nusu saa.

Sasa zabibu zenyewe. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo na ganda nene, na gandani ndimo zilimo tanini, yaani vitu vinavyoleta ukakasi. Utaisikia kwenye ufizi, kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, pamoja na tunda linalokaribia zambarau zetu. Merlot hujaza katikati ya ulimi, laini. Cabernet Franc, ambayo ndiyo mzazi wa Cabernet Sauvignon pamoja na Sauvignon Blanc, huleta hoho na majani makavu. Petit Verdot hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya rangi na ukakasi.

Lakini umri huvunja mipaka hiyo. Tanini huungana na kuzama, ukingo wa glasi ukiulaza juu ya karatasi nyeupe unaonyesha rangi ya matofali badala ya zambarau, na tunda huachia nafasi ngozi, tumbaku na udongo wenye unyevu. Anayekwambia kwa ulimi wake kwamba humu mna asilimia 12 ya Cabernet Franc anajigamba. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni zabibu ipi imebeba uti wa mgongo.

Hata Bordeaux, mchanganyiko huu ulikuwa zaidi ya suala la ladha, ulikuwa kinga. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Baridi ikiiunguza moja au mvua ikiikuta nyingine, mkulima habaki mikono mitupu. Humo humo, eneo la Médoc lenye changarawe huegemea Cabernet Sauvignon, lile la Pomerol lenye udongo wa mfinyanzi huegemea Merlot. Kwa chupa za Afrika Kusini zinazopatikana kwetu, kumbuka lebo yenye jina la zabibu moja inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 15 ya nyingine. Ukikuta Pinotage kwenye mchanganyiko, hiyo ni zabibu mzawa wa huko: mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliipata mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsault.

Usiuweke kando ya samaki wa kupaka. Mvinyo mwekundu na samaki huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni. Pilau ya nyama itauvumilia, kachumbari ikiwa haina pilipili.